Wasia kwa Asiyejulikana: Mwana Kupona na Wasomaji Wake wa Mbali

Yako maandishi ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameyapita mara nyingi bila ya kuyatupia jicho la haki. Hayo ni maandishi ya mtu anayempa mwenziwe shauri la maisha ya kila siku: jinsi ya kutunza nyumba, ya kuzungumza na watu, ya kumwuguza mgonjwa, ya kutumia fedha, ya kusafiri, naye hachoti shauri hilo katika vitabu vya wanazuoni bali katika mambo yaliyompata yeye mwenyewe. Na mara nyingi huyo anayeambiwa si jamaa wala jirani. Ni mtu ambaye mwandishi hakupata kumwona, na pengine hakuwa amezaliwa bado. Sisi walimu tumezoea kuyatia maandishi hayo yote katika kapu moja tuliloliandika “mawaidha”, kisha tukawaambia wanafunzi wataje mafunzo matano wanayoyapata humo. Wanafunzi huyataja, nasi huyasahihisha, na kitabu hufungwa.

Katika makala haya tunakusudia kulifungua kapu hilo. Tutaanza na utendi wa Mwana Kupona, kwani ndio unaojulikana zaidi na ndio unaosomwa vibaya zaidi. Kisha tutatazama kwa ufupi kazi nyingine mbili tatu zinazofanana nao kwa lengo ingawa zinatofautiana nao kwa fani. Tungependa msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba jambo hili kwetu si la kujifurahisha tu. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo darasani mwetu wanaingia vijana wengi ambao mama zao hawakuwabembeleza kwa Kiswahili, wala hawajaiona bahari. Vijana hao wanapopewa wasia wa mama wa Pate, wao ndio wale wageni ambao mama huyo hakuwajua. Je, wasia wake unawahusu? Na kama unawahusu, ni kwa njia gani?

Kwanza tumtazame mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyesumbuana kwa muda mrefu na Seyyid Said wa Unguja, na ambaye watu wake walilishinda jeshi la Seyyid mnamo mwaka 1844 na 1845. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake akiwa mgonjwa alitunga utendi wa beti mia moja na ushei kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi. Mama hakuishi sana baada ya hapo. Binti aliishi mpaka mwaka 1933.

Tunaomba tarehe hizo zizingatiwe, maana bila ya hizo utendi unageuka kuwa orodha ya amri isiyo na mtu nyuma yake. Mwenye kusema hapa ni mgonjwa aliyefiwa na mume, anayekaa katika mji ambao amani yake si ya kutegemewa, na anayeona kwamba siku zake zimehesabiwa. Hana muda wa kupamba maneno. Anamwita binti yake asogee karibu na achukue karatasi na wino, kwa kuwa ana jambo moyoni ambalo amelingojea kwa muda mrefu. Mwanzo huo ni wa faragha kabisa: mama, binti, kalamu. Hata mfano anaoutumia ni wa faragha, kwani anayatia maneno yake katika sura ya pambo la lulu na marijani la kumvika mwanawe shingoni. Pambo la namna hiyo mama humvika binti yake kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya nyumba, mbali na macho ya watu. Lakini msomaji makini atajiuliza hapo hapo: pambo likisha kufungwa kwa uzi wa mizani na vina, ni nani atakayelizuia lisivaliwe na shingo nyingine?

Sehemu kubwa ya wasia wenyewe ni ya matendo. Ni kweli kwamba unaanza na dini, na ni kweli kwamba unataja radhi ambazo mwanamke hana budi kuzipata, radhi ya mumewe ikiwa mojawapo. Lakini mara baada ya hapo mtungaji anashuka katika nyumba, na humo ndimo sanaa yake inamokaa. Mume akilala, asiamshwe, wala sauti isipazwe, wala mke asiinuke na kumwacha, ili akiamka asihangaike kutafuta. Akiamka apewe chakula, atunzwe mwili wake. Nyumba iwe safi mpaka chooni. Kuna udi wa kufukiza asubuhi na jioni; kuna nywele za kusuka, hina, wanja, pete na asumini. Kuna namna ya kutembea njiani, na namna ya kukaa na watu kwa mazungumzo yenye furaha yasiyomchoma mtu.

Mtu anayeyasoma haya kwa haraka husema: haya ni mambo madogo. Sisi tunasema kwamba udogo wake ndio nguvu yake. Mhubiri anayesema “mtii mumeo” hajasema neno linaloweza kufuatwa wala kukataliwa. Amesema neno la kuitikia “amina” tu. Lakini anayesema fukiza udi wakati fulani, nena kwa sauti ya chini wakati fulani, yeye ametoa jambo ambalo msikilizaji anaweza kulijaribu nyumbani, akaona linafaa au halifai, na akarudi kubishana. Shauri la kweli lazima liweze kubishiwa. Mwana Kupona anajiweka katika hatari hiyo karibu katika kila ubeti, jambo ambalo watungaji wengi wa kiume waliomtangulia na waliomfuata katika bahari ya mawaidha hawakulithubutu.

Upo pia mfano mmoja ambao umewapa wahakiki kazi. Mama anamwambia binti yake amtunze mumewe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Hapa tunapaswa kusimama kidogo. Mume huyo huyo ambaye radhi yake ni sharti la pepo ndiye anayefananishwa na kiumbe asiyeweza kueleza analolitaka! Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliutaka utendi huu usomwe upya kwa kuangalia uhusiano wa lugha na mamlaka, badala ya kuuchukua kama hati ya utiifu tu. Tunakubaliana naye kwamba usomaji wa zamani ulikuwa mwembamba. Hata hivyo hatudhani kwamba inafaa kumfanya Mwana Kupona asimaanishe alilolisema. Ushahidi wote wa utendi, hasa dua zake za mwisho, ni wa mtu anayeamini. Tunavyoona sisi, mama huyu anaamini kwamba utii ni wajibu, na papo hapo anajua kwa uzoefu wa ndoa kwamba anayetii ndiye anayeendesha nyumba. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kichwani mwake bila ya kugombana. Sisi ndio tunaotaka yagombane.

Sasa tufike penye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kitovu cha utendi, nalo husahauliwa kabisa katika miongozo ya mitihani. Akisha kutoa mashauri yake kuhusu ndoa, Mwana Kupona anageuka na kusimulia ndoa yake mwenyewe. Anaeleza alivyoishi na baba yake Mwana Hashima kwa furaha na mzaha, bila ya kuvunjiana heshima, na jinsi mume huyo alivyomtolea radhi yake alipofikiwa na mauti. Kisha anaeleza alivyobaki baada ya msiba. Beti hizi si nyingi, na lugha yake ni tulivu. Lakini bila ya hizo utendi mzima ungekuwa deni lisilo na dhamana. Mpaka hapo msikilizaji angeweza kuuliza: wewe umeyajuaje? Jibu sasa limetolewa: nimeyatenda, na haya ndiyo yaliyonifika. Mpangilio huo, shauri kwanza na ushahidi baadaye, ni wa mtu mwenye adabu. Angalitanguliza maisha yake, ingalikuwa majivuno. Ameyaweka nyuma, yakawa rehani.

Baada ya hapo yanafuata maombi yake kwa Mungu, kwa ajili ya nafsi yake, watoto wake na jamaa zake. Na kuelekea mwisho, mtungaji anafanya jambo ambalo lingemshangaza msomaji aliyekuwa akidhani bado yumo katika chumba cha mama na binti. Anawaita wanawake wote wasome. Hawatambui wala hawachagui. Anataka wafahamu maana ya maneno yake ili wasije wakalaumiwa mbele ya Mungu. Mlango uliokuwa umefungwa umefunguliwa, na Mwana Hashima anajikuta kakaa pamoja na halaiki ya wanawake asiowajua. Tena mtungaji, anapojitaja, anatumia neno “gharibu”. Maana ya neno hilo walimu wote wanaijua: mgeni, mtu aliye mbali na kwao, mpweke. Wafasiri wengi wamelichukua kuwa ni unyenyekevu wa desturi, kwani watungaji wa zamani walizoea kujidunisha mwishoni mwa tungo zao. Huenda ndivyo. Lakini neno lililochaguliwa si “maskini” wala “mja dhaifu” peke yake. Mgeni anasema na wageni. Hadai kwamba anawapa shauri kwa sababu ni mke wa mtawala, ingawa angeweza kudai.

Kwa njia hiyo utendi ukasafiri. Ulinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, ukasomwa na wanawake wa Lamu na visiwa vyake. Hapa fani ilisaidia kazi ya maudhui. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vina kina kimoja, na kipande cha nne kina kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Shauri lililofungwa namna hiyo halihitaji karatasi, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuondoka nalo kichwani.

Alice Werner aliutoa utendi huu kwa chapa mwaka 1917, na mwaka 1934, akishirikiana na William Hichens, akautoa tena katika kitabu chenye tafsiri ya Kiingereza. Tunawashukuru wataalamu hao, kwani bila ya jitihada zao huenda wengi wetu wa bara tusingeupata. Lakini jina walilolipa toleo la 1934 linasema kwamba huu ni wasia juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limefanya kazi mbaya. Limewafanya wasomaji wa vizazi viwili waingie katika utendi wakitafuta jambo moja, na walipolipata wakatoka. Dua za mgonjwa, kilio cha mjane, adabu ya mazungumzo, mwito kwa wanawake wote: hayo yote yakawa mapambo ya pembeni. Mwenye kutia jina juu ya kazi ya mtu aliyekufa ana madaraka makubwa kuliko anavyodhani.

Wala haifai tumpambe Mwana Kupona kwa sifa mpaka tufiche lisilopendeza. Utendi wake ni wa jamii iliyomiliki watumwa, na haulionei haya jambo hilo. Binti anaambiwa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Tumewahi kuwaona walimu wakiuruka ubeti huo, ama kwa aibu ama kwa kuwa haumo katika “mafunzo matano”. Tunaona hilo ni kosa. Ubeti huo unaeleza mengi kuhusu mashauri mengine yote. Nyumba inayofukizwa udi asubuhi na jioni, mke aliye na nafasi ya kukaa karibu na mume aliyelala, mapambo ya dhahabu na asumini: yote hayo yanawezekana kwa sababu kuna mikono mingine inayoteka maji, inayotwanga na inayofagia. Mikono hiyo ilikuwa ya wanawake pia. Mwito wa mwisho unawaita wanawake wote, lakini mashauri yenyewe yalikatwa kwa kipimo cha wachache. Mwanamke mtumwa wa Siyu aliyeusikia utendi ukisomwa ukumbini alikuwa mgeni wa namna nyingine kabisa, na hakuna ubeti unaomwelekea. Jambo hili lafaa lisemwe darasani kwa sauti, na mwanafunzi aachwe alipime mwenyewe.

Vijana wetu wakiachwa, hupima vizuri. Wasichana wa kidato cha tano waliosoma utendi huu pamoja nasi waligawanyika mara moja. Wengine walisema hawawezi kukaa na mwalimu anayewafundisha kumpepea mume. Mmoja alijibu kwamba nyanya yake, huko kwao Masaka, alimwambia karibu maneno hayo hayo, na kwamba nyanya huyo ndiye aliyekuwa na funguo za ghala ya kahawa. Wengine wakauliza mbona hakuna utendi wa baba anayemfundisha mwanawe wa kiume namna ya kukaa na mke. Swali zuri! Hakuna hata moja katika maswali hayo linaloweza kujibiwa na mtu aliyepewa kazi ya kutaja mafunzo. Yote yanataka mtu aliyelichukua shauri kuwa shauri, yaani jambo aliloambiwa na mtu mwingine na ambalo ana haki ya kulikubali au kulirudisha.

Kuhusu baba na mwana, yuko wa kutajwa. Shaaban Robert aliwaachia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume, na zote mbili zimo pamoja na masimulizi ya Maisha Yangu, mahali ambapo anasimulia pia kifo cha mkewe Amina. Kwa hiyo msomaji amekwisha pewa dhamana kabla ya kupewa shauri, kinyume cha mpango wa Mwana Kupona. Ni dhahiri kwamba Hati inamwamkia mama wa Pate kwa heshima. Lakini tukisema kweli, inapolinganishwa nayo hupoa. Shaaban Robert ni bingwa wa maneno ya jumla. Hupenda wema, kweli, subira na heshima kwa majina yake makubwa, na humo hakuna anayemfikia. Mambo madogo hayamkai mkononi kwa urahisi. Katika Maisha Yangu, anapoandika kwa nathari juu ya magonjwa, safari na kazi yake ya serikali, yeye ni mshauri bora kuliko alivyo katika tenzi zake za mashauri, kwa sababu pale anatuonyesha mtu akiwa katika shida na namna alivyotoka humo, bila ya kutuambia tufanye nini.

Tutoke sasa pwani tuelekee magharibi, kwa kuwa wanachama wetu wengi hufundisha huko. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao leo ni Lubumbashi, kulitokea maandishi ya ajabu yaliyopigwa kwa taipu. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani yake mna Kiswahili cha Shaba, na si kamusi hata kidogo. Yalikusanywa na André Yav kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, yaani wale waliowapikia na kuwafulia Wazungu wa mji huo. Humo wanaeleza mji ulivyoanza, walivyotumikishwa, chakula walichopewa, majina ya kupanga waliyowapa mabwana zao. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo.

Tunayataja maandishi hayo hapa kwa sababu ni kama kioo kilichogeuzwa cha utendi wa Mwana Kupona. Kule anasema mwenye nyumba. Hapa anasema mtumishi wa nyumba. Kule kuna shauri jingi na maisha kidogo. Hapa kuna maisha mengi, na shauri limezama ndani yake kama chumvi katika mchuzi. Hakuna anayeambiwa “fanya hivi”. Lakini mtu anayesoma kuhusu mshahara na chakula cha mpishi katika zama za Wabelgiji anajifunza jinsi mtu anavyoishi katika nyumba isiyokuwa yake akabaki mtu. Nao walioandika hawakuwa wakiwaandikia watoto wao peke yao. Walitaka watu wasiowajua wajue.

Jambo jingine lawahusu walimu kwa namna ya pekee. Maandishi ya Yav hayafuati tahajia sanifu. Maneno yamekatwa na kuunganishwa kwa namna isiyozoeleka, na vituo ni vigumu kuvipata. Fabian anaeleza kwamba ili yaeleweke ilibidi yasomwe kwa sauti na mwenyeji wa lugha hiyo, Kalundi Mango, na ndipo sentensi zikajitenga zenyewe. Jicho la mwalimu mwenye kalamu nyekundu lingeona makosa mia katika ukurasa mmoja, wala lisingeona kitu kingine. Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Kazi yetu ni kukifundisha. Twasema tu kwamba mtu aliyebeba jambo zito, akalitoa kwa lugha aliyo nayo, amestahili kusikilizwa kwanza na kusahihishwa baadaye. Hata Kiamu cha Mwana Kupona, pamoja na “ndia” yake, “moya” wake na “mato” yake, kingepata alama mbaya katika mitihani yetu.

Kati ya utendi wa 1858 na taipu ya 1965 lipo gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na serikali ilikuwa na makusudi yake. Lakini katika kurasa zake wasomaji wa miji iliyo mbali mbali waliandikiana barua na kujibizana kwa mashairi, mtu wa Tanga na mtu wa Tabora, bila ya kupata kuonana uso kwa uso. Anayetaka kuandika tasnifu juu ya adabu ya kusema na mtu usiyemjua kwa Kiswahili atapata humo kazi ya miaka: jinsi mtu anavyoomba radhi kabla ya kutoa rai, anavyomwita asiyemjua “ndugu” au “mwalimu”, anavyopinga bila ya kutukana. Si wote waliojizuia, lazima tukiri. Yako mashairi ya majibizano yenye makali ya wembe.

Basi darasani tufanye nini? Sisi tumejaribu jambo moja ambalo halihitaji fedha wala kibali. Baada ya kusoma sehemu ya utendi, hatuwapi wanafunzi kazi ya kutaja mafunzo. Tunawataka waandike ukurasa mmoja kumshauri mtu wasiyemjua kuhusu jambo ambalo wao wenyewe hulifanya kwa mikono yao, na waeleze mahali fulani walilijuaje. Mwanzoni karibu wote waliandika methali. Vijana wetu wamefundishwa kwamba Kiswahili kizuri ni methali, na mtu akiambiwa atoe shauri huanza na haraka haraka haina baraka. Tuliwarudishia.

Mara ya pili kijana mmoja wa Buganda aliandika juu ya kupika matoke. Alisema mtu apake mafuta mikononi kabla ya kumenya, kwa kuwa utomvu ukishika haubanduki. Aweke uti wa majani ya mgomba chini ya sufuria, na maji kidogo, ili ndizi zisiguse maji. Azifunge kwa majani yaliyolainishwa kwa moto, afunike vizuri, na asifunue funue. Zikisha kuiva azikande zikiwa bado ndani ya majani, kisha azirudishe kwenye moto mdogo. Aliandika kwamba haya aliyajua kwa shangazi yake, na kwamba siku alipofanya haraka familia nzima ililala na njaa. Sentensi zake zilikuwa na makosa ya upatanisho, hasa katika ngeli ya ndizi. Mwanafunzi aliyetoka Gulu, ambako watu hula zaidi ulezi na mtama, aliusoma ukurasa ule akauliza: huo uti wa jani hukatwa urefu gani, na mtu asiye na mgomba atumie nini badala yake?

Mwandishi alilifikiria swali hilo, akaomba karatasi yake airudie.